Baba amevimba miguu Pangani, mimi niko Muscat: je, daktari aweza kutibu kwa barua?

*"Daktari, mimi ni mpenzi wa historia. Nimesoma kwamba mwaka 1784 yule mwandishi wa Kiingereza, Samuel Johnson, akiwa na miaka 74, alikuwa mgonjwa London, miguu imevimba na pumzi zinamkata, na rafiki yake akawaandikia madaktari wa Edinburgh wampe tiba kwa barua bila kumwona. Nilishtuka kwa sababu baba yangu naye ana miaka 74. Yuko Pangani, miguu imevimba tangu kabla ya Ramadhani, na usiku analala ameegemea mito. Mimi niko Muscat. Mdogo wangu hunitumia picha na sauti kwa WhatsApp, nami humwonyesha daktari mmoja ninayefahamiana naye hapa. Mzee hataki kusikia habari za hospitali. Anakunywa dawa ya mizizi anayoletewa na jirani. Wale madaktari wa barua walikuwa wanatibu kweli, au walikuwa wanakula pesa za watu? Na kama walitibu, kuna ubaya gani nami nikifanya vivyo hivyo?"*

Ndugu yangu, pole kwa kuuguza ukiwa mbali. Swali lako la historia nimelipenda na nitalijibu kwa kirefu, lakini tuanze na baba. Mtu wa miaka 74 aliyevimba miguu yote miwili, tena asiyeweza kulala chali, anatakiwa aonwe na daktari ana kwa ana kesho au keshokutwa. Asisubiri mwisho wa mwezi, wala asisubiri wewe upate likizo. Akianza kuhema hali amekaa tu, kifua kikambana, akakohoa povu lenye wekundu, akazimia au akaanza kuongea mambo yasiyoeleweka, apelekwe saa ileile, hata kama ni usiku wa manane na gari ni la kukodi. Vivyo hivyo mguu mmoja ukivimba ghafla kuliko mwenzake na kuuma, maana hapo huenda damu imeganda kwenye mshipa. Mpigie mdogo wako simu kwanza, kisha rudi tuzungumze.

Sasa Johnson. Wasiwasi wako, nikiuelewa sawasawa, una sehemu mbili: kwamba tiba ya barua ilikuwa utapeli, na kwamba kama haikuwa utapeli basi umbali si tatizo. Zote mbili zina kasoro, na ya pili ndiyo inayonitisha.

Utapeli haukuwa. Katika karne ya 18 kumwandikia daktari ilikuwa jambo la kawaida kwa watu wenye uwezo kote Ulaya. William Cullen, mmoja wa hao walioandikiwa kuhusu Johnson, alikuwa profesa wa tiba katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, na barua zilimjia kutoka Uskoti, Uingereza, bara la Ulaya, hata ng'ambo ya Atlantiki. Alihifadhi nakala za majibu yake. Mwanzoni karani ndiye aliyenakili kwa mkono, na baadaye Cullen akatumia mashine ya kunakilia aliyoibuni James Watt, yule wa injini ya mvuke. Maelfu ya karatasi hizo bado zipo katika Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha Edinburgh, na anayezisoma hukuta wazee wengi: wenye jongo, wenye tumbo lisilosaga chakula, waliopigwa na kiharusi, wanaokosa usingizi. Majibu hayaanzi na dawa. Huanza na mgonjwa anakula nini, anakunywa nini, analala vipi, anatembea au anapanda farasi kiasi gani, anavaa nini kifuani wakati wa baridi. Dawa huja baadaye, na nyingi ni za kuharisha na kutapisha, pamoja na gome la mkwinini.

Utaratibu huo wa kuanza na maisha ya mgonjwa kabla ya chupa ya dawa ni wa kale, umetoka kwa Galeni wa Wayunani ukapita kwa waganga wa Kiarabu. Wazee wetu wa mwambao wanaposema samaki fulani ni chakula cha baridi au tangawizi ni ya moto, wanakunywa kisima hichohicho. Kwa hiyo baba yako na Cullen wangeelewana haraka kuliko tunavyodhani.

Pesa nazo, kwa kisa hiki, hazikuliwa. Johnson alimwandikia rafiki yake James Boswell mwezi Februari 1784 akimwomba awaulize madaktari wake wa Edinburgh kuhusu hali yake. Machi 7 Boswell akawaandikia watatu: Cullen, John Hope aliyekuwa mtaalamu wa mimea, na Alexander Monro, profesa wa anatomia. Aliwaambia wazi kwamba huo haukuwa ushauri rasmi wa kitabibu, bali anaomba kwa heshima ya mtu mwenyewe. Wote walijibu kwa adabu. Hope alisema ni nadra siku kupita bila yeye kumuuliza Johnson maana ya neno hili au lile. Alikuwa na maana ya kamusi ya Johnson ya 1755.

Ile barua ya Boswell ningependa kila mwenye mgonjwa aisome. Ni fupi. Inasema umri wa mgonjwa. Inasema kiangazi kilichopita alipata kiharusi na kupona karibu kabisa. Kwamba kabla ya hapo alikuwa na kikohozi cha makohozi. Kwamba majira yale ya baridi alishikwa na pumu iliyomfungia ndani karibu miezi mitatu. Inasema baridi kidogo tu ikimgusa kifua hubana, hawezi kulala kitandani, hukesha ameketi, na usingizi haumjii ila kwa afyuni. Inasema uvimbe uko miguuni na mapajani. Inataja anachotumia kwa sasa, daktari anayemtibu anatumaini nini, na mgonjwa mwenyewe anafikiri nini: kwamba maji yanazidi kumjaa mwilini na kwamba nchi yenye joto ingemfaa. Mimi hupokea barua za rufaa kila wiki, na nyingi hazifikii nusu ya hiyo.

Daktari yeyote wa leo akisoma maelezo hayo masikio yanamsimama. Kushindwa kulala chali pamoja na uvimbe wa miguu ni lugha ya moyo. Moyo ukichoka kusukuma, damu inarudi nyuma na kurundikana kama maji nyuma ya mtaro ulioziba. Shinikizo linapanda ndani ya mishipa midogo, majimaji yanavuja kuingia kwenye nyama, na kwa kuwa mchana tunasimama na kukaa, yanateremka miguuni. Figo nazo, zikiona damu inayowafikia ni kidogo, hudhani mwili umekauka, basi hushikilia chumvi na maji, na uvimbe unaongezeka. Usiku mtu akijilaza, majimaji ya miguuni hurudi kwenye damu, damu inaujaa mzunguko wa mapafu, na mapafu yanalowa. Ndipo anaamka akitafuta dirisha. Mito anayoegemea baba yako inafanya kazi hiyo: inayazuia maji yasipande. Ndiyo maana daktari atauliza ni mito mingapi, na kama idadi imeongezeka mwezi huu.

Johnson alikuwa akinywa siki iliyolowekwa kitunguu mwitu cha pwani za Mediterania, dawa iliyotumika tangu enzi za kale kutoa maji mwilini. Ile ya unga ilimuumiza tumbo mno akaiacha. Usicheke, ndani ya kitunguu kile mna kemikali za jamii moja na za ua la digitali (kwa Kiingereza foxglove), ambalo William Withering alilitolea kitabu mwaka uliofuata, 1785. Kemikali hizo huufanya moyo usukume kwa nguvu zaidi. Ubaya wake ni kwamba kipimo kinachosaidia na kinachoua vimekaribiana, na kutapika ni moja ya dalili za kwanza kwamba umevuka mpaka. Hata afyuni ilikuwa na kazi, maana hupunguza ile hofu ya kukosa pumzi, na hadi leo mofini hutumika kwa sababu hiyo kwa wagonjwa walio ukingoni.

Hapa ndipo naomba utulie. Wengi wanaosoma kisa hiki huhitimisha kwamba barua za Edinburgh zilimwokoa, kwa sababu mwezi Machi Johnson anaandika kwamba maji karibu yote yameondoka. Tazama tarehe. Maji yalianza kumtoka kwa wingi Februari, mwenyewe akihesabu painti 20 za mkojo, kama lita 10, kabla Boswell hajawaandikia wale maprofesa watatu. Barua humweleza mgonjwa wa jana. Kama Cullen angekuwa ameagiza dawa kali ya kutoa maji kwa ajili ya mtu aliyevimba, ingemfikia mtu ambaye maji yamekwisha kumtoka.

Sasa ile sehemu ya pili ya wasiwasi wako. Mwaka 1784 umbali haukuwa na hasara kubwa, na sababu yake haisifiki: daktari aliyekaa kitandani pa mgonjwa naye alikuwa haoni mengi zaidi. Johnson alitibiwa London na William Heberden, mtu aliyeeleza maumivu ya moyo kifuani vizuri kuliko yeyote kabla yake, na Richard Brocklesby. Mabingwa hawa walishika mapigo ya mkono, wakatazama ulimi na mkojo, wakauliza maswali. Basi. Kugonga kifua kwa vidole ili kusikia palipojaa maji kulikuwa kumekwisha kuelezwa na Leopold Auenbrugger wa Vienna mwaka 1761, lakini madaktari hawakulijali hadi Corvisart wa Paris alipoitafsiri kazi ile mwaka 1808. Kifaa cha kusikilizia kifua Laennec alikibuni 1816. Eksirei ni ya 1895. Namna ya kupima presha kwa kusikiliza mkononi, ile unayoiona kila zahanati, ni ya Korotkov, 1905. Kwa hiyo Cullen akiwa Edinburgh alikosa mapigo ya mkono, ulimi, mkojo na rangi ya uso, na mengine yote aliyokosa, Heberden pia alikuwa hana.

Leo sivyo. Leo mtu mwenye mikono na vifaa vya kawaida, tena wala si bingwa, anajua ndani ya dakika kumi mambo ambayo picha ya WhatsApp haiwezi kuyatoa. Picha ya mguu uliovimba ni picha ya mguu uliovimba. Unaweza kuwa moyo. Yaweza kuwa figo zinazovujisha protini, au ini, au upungufu mkubwa wa damu. Kuna dawa ya presha, amlodipini, inayovimbisha vifundo vya miguu bila ugonjwa mwingine wowote. Kuna dawa za maumivu kama diklofenaki, ambazo wazee hununua dukani kwa ajili ya magoti, nazo hushikilia chumvi na kuumiza figo. Na kwa mtu wa ukanda wa pwani ya Tanga siwezi kuacha kutaja matende. Kila kimoja kina tiba yake, na tiba ya hiki ni madhara kwa kile. Daktari wako wa Muscat akiagiza vidonge vya kutoa maji kwa kuangalia picha, anaweza kumpa nafuu ya wiki moja huku akizikausha figo na kushusha potasiamu, na hatakuwa na namna ya kujua.

Mwili wa Johnson wenyewe unathibitisha. Alifariki Desemba 13, 1784, na daktari mpasuaji James Wilson akaufungua. Moyo ulikuwa mkubwa. Mapafu yalikuwa yamejaa hewa na vifuko vyake vimetanuka, hayakunywea kifua kilipofunguliwa. Figo moja ilikuwa imeharibika. Yaani kile walichokiita pumu, na kile walichokiita maji mwilini, yalikuwa magonjwa matatu ndani ya mzee mmoja, na hakuna barua ambayo ingeyatenganisha. Hakuna aliyekosea kizembe. Hawakuwa na pa kutazamia.

Kwa hiyo, mpango. Mzee aanzie kituo cha afya kilicho karibu: presha, sukari, kupima mkojo kama una protini, wingi wa damu. Kutoka hapo aombe rufaa kwenda hospitali ya Bombo, Tanga mjini, kwa vipimo vya figo na ini, picha ya kifua, ECG (mchoro wa umeme wa moyo), na eko ya moyo (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) ikipatikana. Ikibidi, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam, lakini msianze na safari ya Dar kwa mtu asiyeweza kulala chali kabla hajaonwa na kutulizwa karibu na nyumbani. Wakati anasubiri, chumvi ipungue kwenye mchuzi, ng'onda na papa mkavu wapumzike, na diklofenaki ikae mbali.

Ile mizizi isitupwe. Msimgombeze wala msimtukane jirani. Ichukuliwe, ipigwe picha, iende naye hospitali. Kama nilivyokueleza kuhusu kitunguu cha Johnson, mmea unaweza kuwa na nguvu kweli, na hiyo ndiyo sababu ya daktari kuujua. Baadhi huongeza nguvu ya dawa za moyo hadi hatarini, na baadhi huumiza figo.

Kuhusu kukataa hospitali, aulizwe kwa nini, na anayemuuliza awe mtu ambaye mzee humsikiliza: rika lake wa barazani, au imamu, si mtoto wa mwisho. Mara nyingi jibu si ushupavu. Ni gharama, au anaona aibu ya choo cha wodini, au rafiki yake alipelekwa na hakurudi. Sababu ikijulikana huwa na ufumbuzi.

Na msimdanganye. Boswell anasimulia bila haya, katika kitabu alichokitoa 1791, kwamba majibu ya Cullen na Monro aliyachukua hadi London, akamsomea Johnson yale tu yaliyokuwa ya kutia moyo. Ukoo mzima wa Waswahili utamwelewa. Tunafanya hivyo kila siku, tena kwa mapenzi. Lakini angalia ilivyokwenda. Siku za mwisho Johnson alimbana Brocklesby amwambie bila kuzunguka kama atapona. Brocklesby akamtaka kwanza aseme kama anaweza kuubeba ukweli wote, Johnson akasema naweza, akaambiwa bila muujiza hakuna kupona. Akaamua kuacha dawa, hata afyuni, akitaka kukutana na Mola wake akiwa na akili timamu. Ulikuwa uamuzi wake, na aliupata kwa sababu mtu mmoja alimjibu. Mimi siafiki kumpa mzee habari nzito akiwa peke yake au kwenye simu ya masafa. Ila akiuliza, ajibiwe. Na kwa hali ya baba yako hatujui bado kama kuna habari nzito. Moyo uliochoka una dawa nzuri siku hizi, na watu huishi nao miaka mingi.

Daktari wa Muscat bado ana kazi, na ni kubwa, ila inakuja baada ya vipimo. Hapo barua inafaa mno, kwa kufuatilia. Mdogo wako aandike kila asubuhi, baada ya mzee kwenda haja ndogo na kabla ya chai: uzito, presha, idadi ya mito, kama aliamka usiku kutafuta hewa, anatembea hadi wapi kabla ya kusimama. Uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku tatu, maji yanarudi hata kama miguu haijaonyesha, na hapo ni kumrudisha hospitali, si kusubiri jibu la ujumbe. Dawa zote ziandikwe kwa majina kutoka kwenye pakiti, za hospitali na za jirani.

Jambo moja la utaratibu. Katika wale watatu wa Edinburgh, Hope alifanya tofauti: alimwandikia Brocklesby moja kwa moja, daktari kwa daktari. Fanya hivyo. Omba namba ya daktari atakayemtibu mzee Bombo, umpe rafiki yako wa Muscat, na maoni yake yote yapitie huko. Mabadiliko ya dawa yasije kamwe kupitia kundi la WhatsApp la ukoo, ambako shangazi mmoja atasema nusu kidonge na mwingine atasema viwili. Ukishapata majibu ya eko na ya figo, nitumie. Nitayasoma na kukueleza yana maana gani, lakini dozi ataipanga yule aliyemshika mkono.